Betri Ipi Iingie Chomboni?

Saa nane usiku stata ilitoa sauti tatu, tk, tk, tk, kisha ikanyamaza. Tulikuwa kaskazini ya Nungwi, mwezi wa saba, kusi limeshika na mkondo unakwenda zake kaskazini kama ufanyavyo mwaka mzima katika pwani hii. Taa nne za kuvulia dagaa zilikuwa zimewaka tangu saa mbili usiku kwa betri moja, N200 ya lori, na betri hiyohiyo ndiyo iliyotakiwa kupiga stata ya dizeli. Nahodha aliweka kiganja juu ya betri, akakitoa, asiseme kitu. Alfajiri mashua nyingine ikatuona, ikatutupia kamba. Hakuna aliyeumia. Lakini watu sita walikesha wakiutazama mnara wa taa wa Nungwi ukizidi kuwa mdogo, na chanzo hakikuwa dhoruba wala injini mbovu, bali namna tulivyochagua betri na kuifunga.

Mabishano yaliyofuata nyumbani nimeyasikia pia Malindi, Mkokotoni na Kizimkazi: betri ya maji au kavu, risasi au lithiamu, ya gari au ya sola. Kila mtu huanzia dukani. Nimeshawishika kwamba dukani ndiko mwisho wa safari yenyewe, na ndiyo maana nayaweka hapa maneno yetu ya jioni ile kama yalivyokwenda, kwa kadiri ninavyoyakumbuka.

Tulikuwa wanne barazani. Dada yangu ndiye mwenye chombo, mashua ya mbao ya futi 36 yenye dizeli ya silinda tatu. Nahodha ni ami yetu, mdogo wake marehemu baba. Fundi ni kijana aliyeanza na umeme wa magari, akahamia sola, kisha boti.

Mwenye chombo: Fundi, fedha niliyonayo ni ya kununua mara moja. Sitaki kurudi dukani mwezi wa kumi. Niambie betri gani nikanunue.

Fundi: Dada, siwezi kukwambia bado. Nataka kujua kwanza chombo kinakula umeme kiasi gani usiku mmoja.

Nahodha: Chombo kinakula dizeli, kijana. Betri ni ya kuwashia tu. Sie tumevua kwa karabai miaka na miaka, mafuta ya taa yakiisha unayaona yameisha.

Fundi: Ndiyo, mzee wangu. Na siku ulipoziweka kando karabai ukafunga taa za LED, yale mafuta yalihamia ndani ya betri. Tofauti ni kwamba sasa huyaoni. Basi tuyapime. Taa zako ni za wati ngapi?

Nahodha: Thelathini thelathini, nne.

Hapo Fundi alichukua kalamu akageuza pakiti ya sukari iliyokwisha, akaanza kuandika. Taa nne za wati 30 ni wati 120. Gawa kwa volti 12, unapata ampea 10. Ampea moja ikitoka kwa saa moja ni ampea-saa moja, ile Ah inayoandikwa ubavuni mwa betri. Kwa usiku wa saa nane, taa za kuvulia peke yake ni 80. Taa za kusafiria, nyekundu, kijani na ile ya mlingotini, 7. GPS na mashine ya kutafutia samaki, 15. Redio ya VHF ikiwa inasikiliza tu, 6. Pampu ya kutolea maji ya ngama, 6. Simu za mabaharia, 8. Jumla 122.

Nahodha: Hapo kwenye taa umezidisha. Mimi siziwashi nne usiku kucha. Nawasha zote saa tatu za mwanzo, dagaa wakishakusanyika nabakisha mbili wasogee.

Fundi: Unazizima zile mbili?

Nahodha: Nazifunika gunia. Swichi ni moja.

Barazani palikuwa kimya kidogo. Nimekwenda baharini na mzee huyu mara nyingi na magunia yale nimeyashika kwa mikono yangu. Sikuwahi kufikiri kwamba chini yake taa zilikuwa zinaendelea kula. Taa mbili kwa saa tano ni ampea-saa 25. Tulikuwa tunamulika gunia kwa robo ya betri nzima ya 100. Swichi mbili za bei ndogo zingezirudisha. Hesabu mpya ikawa 97 badala ya 122, na bado hatujataja betri yoyote.

Mwenye chombo: Kwa hiyo nataka betri ya 100.

Fundi: Hapana, dada. Hapo ndipo wengi wanapotelea. Betri ya risasi ukiitoa chaji yote unaiua. Inatakiwa usiishushe chini ya nusu. Ukitaka 97 usiku, unahitaji 200. Lithiamu inavumilia kutoa asilimia 80 na zaidi, kwa hiyo ya 150 inakutosha, na inabaki akiba.

Mwenye chombo: Na ile N200 tuliyokuwa nayo? Si mia mbili hiyo?

Fundi: Ni mia mbili ya kazi nyingine. Ile ni betri ya kuwashia lori. Ndani ina sahani nyembamba na nyingi, ili itoe nguvu kubwa kwa ghafla kisha alteneta iijaze hapohapo. Ukiifanyia kazi ya taa, ukaishusha kila usiku, zile sahani zinachanika na kudondoka unga chini. Betri ya kazi ndefu sahani zake ni nene. Kwa nje zinafanana, hata rangi.

Nahodha: Lakini injini inataka betri kubwa. Dizeli ni nzito.

Fundi: Inataka betri yenye nguvu, mzee wangu, si yenye tumbo. Tuseme stata yako inavuta ampea 250 kwa sekunde nne. Ukihesabu, hata theluthi ya ampea-saa moja haifiki. Umewasha injini kwa umeme ambao taa zako zinaumaliza kwa dakika mbili. Betri ndogo ya N70, nzima, iliyojaa, isiyoguswa na kitu kingine, inaiwasha injini hiyo asubuhi zote za mwaka.

Nimerudia maneno hayo kwa watu wengi tangu siku ile, kwa sababu kwangu ndiyo kiini cha jambo zima. Kabla hujauliza betri ya aina gani, uliza betri ya nani. Injini iwe na yake, taa na vyombo viwe na zake, na kati yao pawe na swichi inayokuruhusu kuziunganisha kwa dharura tu. Usiku ule wa Nungwi hata kama tungekuwa na betri ya bei mbaya kuliko zote duniani, ingekuwa moja, na taa zingeimaliza vilevile.

Ndipo yakaanza mabishano yenyewe.

Fundi: Mimi kwa upande wa taa na vyombo nasema lithiamu. Risasi ni mambo ya mwaka 1859, Mfaransa Gaston Planté ndiye aliyeitengeneza. Betri mbili za risasi za 100 zina uzito kama kilo 60. Lithiamu ya 150 haifiki 20. Risasi ukiishusha nusu kila usiku inakupa mizunguko ya kushuka na kujazwa mia kadhaa, nzuri sana labda elfu. Lithiamu inavuka 2,000. Nyinyi mnatoka usiku wa giza tu, tuseme mara 20 kwa mwezi, toa miezi ya hali mbaya, ni mizunguko kama 200 kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe, dada.

Mwenye chombo: Nimeshapiga. Na bei yake?

Fundi: Mara mbili, wakati mwingine mara tatu.

Mwenye chombo: Miaka kumi ya betri unayoniuzia leo inataka miaka kumi ya chombo kisichozama, fundi asiyehama na chumvi isiyofika. Chumvi inafika kila mahali. Mimi redio mbili zimekufa, hazikufa kwa uzee.

Nahodha: Na mimi nina langu. Betri ya risasi inakufa kama mtu mzima. Taa zinafifia, unaona manjano, unajua saa yako imekaribia, unazima, unarudi. Nimesikia hii ya kwenu inazima paa, kama mtu aliyefumba macho. Nikiwa katikati ya mkondo, meli zinapita, nizimiwe taa ya mlingotini bila salamu?

Fundi: Hapo umenipata, mzee wangu, ni kweli. Volti zake hukaa palepale, kama 13.2, karibu muda wote, halafu saketi ya ulinzi iliyo ndani inakata ghafla ili seli zisiharibike. Multimita haikusaidii. Inabidi ufunge kipimo kinachohesabu kila ampea inayoingia na kutoka.

Nahodha: Kitu kingine cha kuharibika.

Fundi: Kitu kingine cha kuharibika, ndiyo.

Niliupenda mjadala ule kwa jambo hili: Fundi hakuficha. Nimewaona mafundi wengine wakiuza lithiamu kana kwamba haina adabu zake, na wateja wanazigundua baharini. Kubwa ni la alteneta. Betri ya risasi inapokaribia kujaa hupunguza kunywa, alteneta ikapumua. Lithiamu hunywa kwa nguvu moja mpaka ijae, na alteneta ndogo ya ampea 55 ikivutwa hivyo ndani ya chumba cha injini chenye joto inaungua. Na ile saketi ya ulinzi ikikata wakati alteneta inachaji, umeme unakosa pa kwenda, volti zinaruka, dayodi za alteneta zinakufa hapohapo, labda na redio pamoja nazo. Dawa yake ipo: alteneta ichaji betri ya injini peke yake, ambayo ni ya risasi, kisha kifaa cha kuchaji betri kwa betri kichukue kutoka hapo kipeleke kwenye lithiamu kwa kipimo. Hicho nacho kina bei, na watu hukisahau wanapolinganisha.

Mwenye chombo: Mbona wale wenye boti za watalii Kendwa wote wameweka lithiamu?

Nahodha: Usisafirie nyota ya mwenzio, mwanangu. Wale wanalala gatini wamechomeka waya.

Fundi: Na wana friji, wana feni, wana wageni. Wao umeme ni biashara. Nyinyi ni dagaa.

Mwenye chombo: Na kuungua? Simu zinalipuka, pikipiki za umeme zinawaka moto. Chombo changu ni cha mbao.

Fundi: Lithiamu ni jina la ukoo, dada, ndani yake mna ndugu wasiofanana. Za simu na za magari mengi zina kobalti na nikeli; hizo zikipata joto kali zinajilisha moto zenyewe. Ya boti iwe ya chuma na fosfeti, tunaiita LFP. Imetulia zaidi, haina kobalti kabisa. Ilitoka maabara ya John Goodenough kule Texas, maandishi yake yalitolewa mwaka 1997, na mzee yule akaja kupewa Nobeli mwaka 2019 kwa kazi yake ya betri za lithiamu, ana miaka 97. Usininunulie pakiti iliyotolewa kwenye pikipiki ikafungwa tepu. Hiyo mimi siifungi kwenye chombo chenye watu.

Neno kobalti lilinipeleka mbali kidogo. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, zaidi ya nusu, inachimbwa Kongo, pande za Kolwezi, na wachimbaji wake wanazungumza Kiswahili hikihiki. Mtu anayetoa udongo ule kwa sululu ningeelewana naye bila mkalimani. Sikulisema barazani siku ile, lakini lilinifanya niipende ile ya chuma na fosfeti kwa sababu nyingine kando ya moto.

Dada yangu alikuwa na swali ambalo sikulitarajia.

Mwenye chombo: Zikifa zinakwenda wapi?

Fundi: Ya risasi utaiuza chakavu, kwa kilo. Ya lithiamu hapa petu bado sijamwona wa kuinunua.

Nahodha: Basi risasi ina faida hata ikiwa maiti.

Mwenye chombo: Faida kwa nani, ami? Mombasa kuna kijiji kinaitwa Owino Uhuru. Palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu karibu na nyumba za watu. Watoto wakapatikana na risasi kwenye damu. Yule mama, Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi humo na mwanawe mwenyewe akaathirika, ndiye aliyesimama mpaka akapewa tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kesi ikaendelea kupanda ngazi za rufaa. Mimi betri yangu ikifa sitampa kijana wa mkokoteni akaivunjie uani kwake na kumwaga tindikali kisimani.

Nahodha alinyamaza, na mimi pia. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Katika visiwa ambako maji ya kisima yako chini kidogo tu ya miguu yetu, swali la dada lina uzito kuliko yote tuliyokuwa tumeyasema kuhusu bei. Risasi ni miongoni mwa vitu vinavyorejelezwa kwa wingi sana duniani, na ni jambo jema, lakini wema wote unategemea mkono unaoipokea. Tulikubaliana kwamba zikifa zirudi kwa muuzaji, zima, zikiwa na maji yake ndani, na kwamba atakayekataa kuzipokea hatutanunua kwake. Lithiamu kwa hili haina ubaya huo, wala haina soko hilo.

Mazungumzo yakarudi chomboni, na hapo ndipo Fundi alipogeuza upepo.

Fundi: Tumezungumza zinavyotoa. Zinavyojazwa je? Mzee wangu, injini inawaka muda gani?

Nahodha: Kwenda saa moja na nusu, kurudi saa moja na nusu. Kule naizima. Dagaa hawapendi kelele, na dizeli ni ghali.

Fundi: Wakati wa kwenda betri imejaa au ilitakiwa iwe imejaa, kwa hiyo inayohesabika ni ile ya kurudi. Alteneta ya 55 ikishapata moto inatoa kama 30. Kwa saa moja na nusu ni 45. Umetumia 97. Unarudi pwani na deni la 52, na betri ya risasi ikishafika asilimia 80 inakunywa kidogo kidogo, sehemu ile ya mwisho inataka saa nne, saa tano. Nani anawasha injini pwani saa tano?

Nahodha: Hakuna.

Fundi: Basi betri yenu haijawahi kujaa tangu mliponunua. Risasi isipojaa inaota fuwele ngumu juu ya sahani, kila siku kidogo, na baada ya miezi haishiki tena chaji. Mnailaumu betri, na kosa lake ni kwamba haikushiba.

Alishuka nasi pwani asubuhi yake na haidromita kuthibitisha. Mashua ilikuwa imekaa juu ya mchanga, maji yamekupwa. Alifungua vifuniko sita vya N200 kimoja kimoja, akavuta tindikali kwenye kioo. Seli iliyojaa huwa kama 1.27. Tano zilisoma karibu na 1.16. Ya sita, iliyo karibu na injini, ilisoma chini zaidi na maji yake yalikuwa ya kijivu kama maji ya majivu. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota unga mweupe wenye ukijani. Nahodha aliinama akatazama muda mrefu kwenye kile kioo, mtu aliyeitumia betri ile miaka miwili na leo ndiyo anaiona ndani.

Chumba cha injini nacho kilikuwa na lake. Joto likizidi kila nyuzi 10 juu ya 25, umri wa betri ya risasi hupungua karibu nusu. Ile ilikaa ubavuni mwa injini. Lithiamu nayo haipendi pale. Mahali pake ni palipo juu ya ngama, pakavu, ndani ya sanduku lenye mfuniko na mkanda wa kuishika chombo kikilala ubavu. Betri za maji zinatoa haidrojeni wakati wa kuchaji, na haidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka, kwa hiyo sanduku litoboliwe juu, na sigara isikaribie. Jingine ambalo wavuvi wengi hawalijui: maji ya bahari yakiingia ndani ya betri ya risasi yanaweza kutoa klorini, gesi ileile iliyowatisha mabaharia wa nyambizi. Hilo lilitosha kunishawishi kwamba kwenye mashua inayovuja, na mashua ya mbao huvuja, kama si lithiamu basi iwe risasi ya kufungwa, ile wanayoiita betri kavu, hata kama huwezi kuiongeza maji.

Mwenye chombo: Sasa kama injini haiwezi kuijaza, nani ataijaza?

Fundi: Mchana mko wapi?

Mwenye chombo: Tumelala. Chombo kinaelea pale juani.

Akasema mwenyewe jibu lake, na akacheka kwa furaha ya mtu aliyepata fedha mfukoni. Mvuvi wa dagaa anafanya kazi usiku na jua lote la mchana linapigia chombo kilichopumzika. Paneli mbili za wati 150 juu ya kipaa cha tezi, kwa jua la Unguja, zinatoa kama ampea-saa 80 kwa siku ya kawaida baada ya kutoa hasara. Jua linachaji polepole tangu asubuhi hadi alasiri, na polepole ndivyo risasi inavyotaka ile sehemu yake ya mwisho. Siku za mbalamwezi, chombo kisipotoka, zinaishikilia imejaa. Masika yakifunga mbingu wiki nzima hesabu itapungua, na hapo injini itabidi isaidie.

Sasa kila mmoja wetu alikuwa na karata yake wazi. Fundi alibaki na lithiamu. Mimi pia nilikuwa upande wake, na kwa chombo kisicho na mahali pa paneli, au kinachokaa siku nyingi betri ikiwa nusu, bado nipo upande wake: lithiamu haidhuriki kwa kuachwa nusu, na hilo peke yake lingeokoa betri nyingi za pwani hii. Kwa mizunguko 200 kwa mwaka naamini itamrudishia mtu fedha yake. Lakini dada alikuwa na fedha ya kununua mara moja, na alipanga mambo kwa namna ambayo sikuweza kuipinga.

Mwenye chombo: Nikinunua lithiamu pamoja na kile kifaa chake cha alteneta na kipimo chake, sinunui paneli. Nikinunua paneli, kontrola ya kuchajia, N70 ya injini na betri mbili kavu za 100 za kazi ndefu, fedha inatosha. Paneli zitaishi miaka 20, zitaijaza betri yoyote nitakayoweka. Hizi za risasi zikifa, zimekufa zikiwa zimeshiba, na siku hiyo ndiyo nitakuja kwako fundi unifungie lithiamu juu ya kila kitu ambacho kimeshafungwa.

Fundi: Kontrola nitakuchagulia inayokubali zote mbili.

Mwenye chombo: Na fyuzi?

Fundi: Kila betri na yake, isizidi shubiri moja kutoka kichwa cha betri. Volti 12 hazikurushi, dada, lakini spana ikidondoka juu ya vichwa viwili inayeyuka. Na waya uwe wa shaba iliyopakwa bati. Ule wa nyumbani chumvi inaupanda ndani ya mpira kama mchwa.

Dukani, mjini, dada alikwenda na mizani ya kupimia samaki. Muuzaji alishangaa, watu wakasogea. Alining'iniza betri ya kwanza iliyoandikwa 100Ah: kilo 19. Akaishusha bila neno. Risasi ni nzito na hakuna namna ya kuifanya iwe nyepesi ikabaki ileile. Betri ya kweli ya ukubwa huo hukaribia kilo 30. Ya pili, kutoka rafu ya nyuma, ilivuta mizani hadi 28 na nusu. Akataka mbili za namna hiyo, akamwomba muuzaji multimita: 12.7 zote, maana yake zilikuwa zimetunzwa zikiwa na chaji. Ingekuwa 12.2 ingekuwa nusu, na betri iliyokaa rafuni nusu imeshaanza kufa kabla hujailipia.

Fundi alifunga kwa siku mbili. Taa za kuvulia zilipata swichi mbili, na magunia yakarudi kubebea samaki. Nahodha aliomba kitu kimoja tu: swichi ya betri ya injini iwe mahali anapoifikia akiwa ameshika usukani, gizani, bila kuinama. Fundi akamwomba akae mahali pake pa kila siku, anyooshe mkono. Kidole cha mzee kilipogusa ubao, kijana akatia alama ya penseli, akatoboa hapo.